Achari ya Jiwe Jeusi

Kwetu Moroni nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huoa na kuingia na sanduku lake, na siku akiichoka nyumba hulibeba sanduku lile lile akatoka. Ndiyo maana mwaka wa kwanza wa ndoa yangu macho yangu yalikuwa kwenye sanduku la mume wangu. Alikuwa mwalimu, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha pili, mpole wa kuudhi. Alipigilia misumari miwili ukutani, akatundika shati mbili. Nguo nyingine zote alizitoa sandukuni moja moja na kuzirudisha humo humo zikishafuliwa. Sanduku likakaa chini ya kitanda. Kila nilipofagia ufagio uliligonga, na moyo wangu ukashtuka.

Hakuwa mlalamishi. Angelalamika ningemweza. Yeye alikula, akashukuru, akaitazama sahani kidogo, kisha akasema taratibu, "Kwetu hapa pangekuwa na achari." Achari ya pilipili ya mama yake, tamu na kali kwa pamoja. Niliisikia mpaka nikaichukia kabla sijaionja.

Mwishowe nikaifuata huko huko. Nilipanda ndege ndogo mpaka Mutsamudu, nikakaa siku tano, na siku hizo nikizikumbuka leo naona kama niliziota. Vichochoro vilikuwa na kivuli hata mchana. Harufu ya karafuu iliingia mpaka kwenye mito ya kulalia. Na kulikuwa na mto wa maji. Sisi wa Moroni hatuna mto, tunaishi kwa mvua tunayoihifadhi birikani, na pale maji yalikuwa yanapita tu, mchana kutwa, kama hayana mwenyewe. Nilisimama nikayatazama mpaka mama mkwe akanicheka.

Alinifundisha bila haraka. Tulizipasua pilipili ubavuni, ndefu nyekundu, tukatoa mbegu na kubakiza chache ili ukali usipotee. Tukaziosha mtoni, tukaja kuzianika juu ya baraza lake lililopakwa chokaa.

"Barazani, mwanangu," alisema. "Toka jua linachomoza mpaka adhana ya adhuhuri. Usizidishe, usipunguze."

Baada ya hapo zikaingia sukari, siki, tangawizi na karafuu, zikachemka kwa moto mdogo mpaka shira ikavuta uzi kwenye mwiko. Mvuke ulijaa jikoni, nami nilikuwa nimeketi ndani yake nusu macho nusu usingizi, sitaki kuondoka. Nilipoonja niliona haya. Mwanamume wa watu alikuwa na haki yake.

Nikarudi Moroni, nikafanya kila kitu kama nilivyoambiwa. Nilizianika pilipili barazani kwetu jua linachomoza, nikaenda zangu kwenye kazi nyingine. Adhuhuri ilipoadhiniwa nikazikuta zimekunjamana, kingo zimeungua, zinanuka moshi. Baraza letu ni jiwe la volkano, jeusi, saa nne tu hulikanyagi bila viatu. Nimezaliwa juu ya jiwe hilo, limenichoma nyayo tangu nikiwa mtoto, na bado sikufikiri. Mjinga mimi. Lakini mkaidi pia, kwa hiyo sikuzitupa. Nilizipika hivyo hivyo, nikazijaza kwenye chupa.

Jioni mume wangu akaonja. Akatafuna muda mrefu.

"Si ya mama," alisema.

Hasira zikanipanda kichwani. Kwenda kote kule, na yeye ana hayo tu ya kusema? "Basi nenda kwa mama yako akakulishe."

Alipangusa vidole, akaenda kulala. Kesho yake asubuhi nilirudi kutoka sokoni nikafagia chini ya kitanda, na ufagio haukugonga kitu. Shati zake mbili hazikuwapo. Hata chupa ya achari ilikuwa imeondoka, nami nikadhani ameibeba kuwa ushahidi.

Ilikuwa ile miaka ya askari wazungu wa kukodiwa. Wiki hiyo hiyo walifunga kiwanja cha ndege, wakasimama barabarani na nguo zao nyeusi, na watu wakawa wanaongea kwa kunong'ona. Barua haikuja. Sikujua kama mume wangu ameniacha au amekwama. Shangazi zangu hawakuwa na shaka.

"Sanduku limetoka?"

"Limetoka."

Wakatazamana, wakabadilisha mazungumzo. Niliendelea kufagia chini ya kitanda kila asubuhi, mahali ambapo hapakuwa na vumbi tena. Nilikuwa nampenda, na sikuwa nimemwambia hata siku moja.

Kiwanja kilipofunguliwa alirudi alasiri moja, kwa miguu kutoka huko, amejaa vumbi. Alisimama mlangoni kama mgeni, chupa kwapani, mkononi furushi lililofungwa kwa leso ya mama yake.

"Mama anakusalimu," alisema. "Anauliza ule moshi umeutoa wapi. Alikuwa anaificha chupa kabatini, ameila peke yake mpaka imekwisha." Akakohoa kidogo. "Ingalimfikia imejaa, lakini siku niliyoondoka hapa askari mmoja wa kiwanjani alitaka kujua kuna nini ndani. Akatia kidole, akalamba, akanipisha huku machozi yanamtoka."

Chupa haikurudi tupu, mama mkwe alikuwa ameijaza karafuu. Nilishukuru, lakini sikuwa naziangalia karafuu.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimemwachia mama. Anatia leso zake, nondo wanazila."

Akanipita, akaingia chumbani, akalifungua furushi juu ya kitanda. Shati zote, suruali zote, kanzu mbili. Alizitazama, akautazama ukuta.

"Nyundo iko wapi?" aliuliza. "Misumari miwili haitoshi."