Nguo ya Baridi ya Wajapani

Cheka, hata kama haya ingali inaniunguza masikio.

Huku Masisi baridi inauma mupaka mu mifupa. Juzi Madame, bibi ya muzungu wa shamba ya pareto, alinipa nguo ya Wajapani: mikono mipana, pamba mingi ndani. Akaanza kunieleza namna wanaitumiaka wakati wa baridi. Sikumuacha amalize. "Oui, Madame!" nikasema, nikakimbia nayo.

Siku ya kuomba muchumba, kule Nyabiondo, nikaivaa. Kwetu mama mukwe hapaswi kukuona ukikula, wala kuona pahali unalalaka, kwa hiyo nilitaka aone heshima tupu. Nguo ilikokota chini kama ya askofu. Wakanipa kiti kizuri. Nikajiona mukubwa!

Kisha Bahati, kaka ya muchumba, mwenye kutandika vitanda kwa Madame, akaingia na kibuyu ya pombe. Kikamuponyoka.

"Shemeki! Hii iko bulangeti! Wajapani wanaingiaka ndani yake kulala!"

Mama mukwe akajifunika uso na kitenge.

"Yesu wangu! Mukwe amekuja kunisalimia na kitanda yake!"