Barabara Isiyo na Akina Mama

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, barabara ilipokuwa tupu mbele yangu nami nikaifurahia. Nakueleza sasa kwa sababu begi lako limekaa mlangoni tangu jana, na mimi tangu jana nainuka na kukaa, nainuka na kukaa. Wewe ni nesi wa hospitali ya Mulago, umezoea kumwambia mgonjwa atulie. Leo mgonjwa ni mimi, maana kesho unakwenda kaskazini, ng'ambo ya mpaka, ambako bunduki hazijanyamaza.

Ujanani nilikuwa dereva wa lori, nikipeleka sabuni na chumvi huko huko. Mkubwa wetu alikuwa Mzee Drani, askari mstaafu. Tulilala katika mji mmoja wa watu wa dini sana, kwa mwenyeji wetu Hajati Zamu, mjane muuza chai. Mzee alikuwa na desturi iliyoniudhi: hatoki mjini mpaka amuulize Hajati habari za njia, na Hajati haulizwi kitu kabla ya salamu. Salamu zenyewe si kama zetu za hapa mtaani Bwaise, za kurushiana mtu yuko juu ya bodaboda. Unaulizwa nyumba, watoto, mbuzi, mvua, nawe unauliza yale yale, pole pole.

Asubuhi hiyo Opio, rafiki yangu aliyeendesha lori la tajiri mwingine, aliwasha gari akaniambia, "Barabara iko wazi kabisa. Twende mapema, tumalize." Nikapanda langu, nikawasha. Mzee Drani akaja, akalizima, akatia ufunguo mfukoni.

"Macho yako iko wapi?" akaniuliza. "Wamama wa maji wako wapi? Wa kuni wako wapi? Saa hii wanajaa barabarani. Leo hakuna hata moja. Wao wanajua kitu yenye wewe hujui."

Nikamwambia uzee umemtia woga. Hakukasirika. Alimwita Opio naye, lakini Opio alicheka, akapiga honi, akaenda zake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, na laiti lingekuwa guu tu.

Mchana akina mama walitoka na madebe yao, nasi tukaondoka. Tulilikuta lori la Opio karibu na daraja, limetobolewa risasi, limeungua, sabuni imeyeyuka mpaka mtoni. Tulimzika pale pale. Hadi leo nikisikia honi ya lori Bombo Road nageuka.

Basi, mwanangu, ukifika tafuta mwenyeji kabla hujatafuta mtandao, ili watu wakiuliza wewe ni wa nani, awepo wa kujibu. Vaa nguo ndefu, funika kichwa, hata wenzako wakisema si lazima. Ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mwanamume asiponyoosha mkono, weka wako kifuani, yatosha. Usipige picha, hata ya mbuzi, maana nyuma ya mbuzi huwa kuna askari. Kwenye kizuizi shusha kioo, vua miwani, mikono ionekane, na salamu itangulie jibu. Safari ya kesho usiitangaze sokoni.

Na kila asubuhi, kabla hamjaondoka, angalia kama wanawake wametoka. Kama hawajatoka, kaa. Wakikucheka, kaa. Wakisema wagonjwa wanangoja, waambie nesi aliyekufa hatibu mtu.

Nilitaka kukuambia usiende. Neno hilo nimelimeza, kwa kuwa huko nako kuna watoto wa watu. Mungu akutangulie, mwanangu, akupe mwenyeji mwenye chai ya moto, na kila barabara utakayoipita uikute imejaa akina mama. Sasa lete hilo begi nione kama umetia mtandio.