Siku Udongo wa Mama Devota Uliponirusha

Jamani, hili jambo nilikuwa nimelificha, lakini kwa kuwa kijiji chetu chote cha Kibimba kinalijua na mngelisikia tu, bora niliseme mwenyewe: nimewahi kurukaruka peku mbele ya mkutano mzima, kompyuta mkononi.

Kazi yangu ni kukadiria joto la mashamba kwa picha za setilaiti (shamba lenye kiu huwa la moto, lililoshiba maji hupoa), na siku hiyo nilitakiwa kutaja shamba moja tu litakalopewa pampu ya kikundi cha wakulima kiangazi chote. Nilipaswa kwanza kushuka bondeni kukagua, ila nilikuwa nimevaa viatu vipya vyeupe, na vumbi la Ngara mnalijua, basi nikaona picha inatosha, nikasimama nikatangaza kwa sauti ya msomi, "Shamba la Mama Devota linakufa kwa kiu!"

Mama Devota, mjane anayelima mahindi bondeni, akainuka taratibu. "Langu? Mwanangu, hiyo pampu mpe mwingine, mahindi yangu yataoza."

Watu wakacheka, na mimi badala ya kunyamaza nikabisha (kiburi hicho!), nikasema picha haidanganyi, naye akasema twende, mkutano wote ukatufuata.

Mahindi yalikuwa ya kijani yananawiri, ila yamepandwa yakiachana, katikati udongo mtupu, maana mama huacha nafasi ya kupanda maharage baadaye.

"Vua viatu," akaniambia.

"Shikamoo mama, lakini..."

"Marahaba. Vua."

Nikavua, nikakanyaga ule udongo mtupu wa saa saba mchana, na hapo ndipo niliporuka, nikatua, nikaruka tena.

"Sasa shika jani." Jani lilikuwa limepoa. "Hicho chombo chako kimepima udongo," akasema, "mahindi yangu hakijayaona."

Aibu ilinijaa hadi masikioni, lakini alikuwa sahihi kabisa! Nikatoa kipimajoto cha mkononi (kilikuwa kwenye begi muda wote), nikapima udongo peke yake na majani peke yake, shamba kwa shamba, nikapiga hesabu upya palepale vumbini. Mwenye kiu akawa mzee Bukuru wa mteremkoni: maharage yake yalisongamana yakafunika udongo wa moto, picha ikadhani yamepoa, kumbe majani yenyewe yalikuwa ya moto. Na hayo ndiyo yalikuwa tegemeo la chakula nyumbani kwake.

"Si nilisema!" mzee akapaza sauti, na kweli alikuwa amesema wiki nzima bila kusikilizwa. Pampu ikaenda kwake jioni ileile, maharage ndiyo kwanza yanatoa maua.

Yakazaa, jamani! Nilishangilia kuliko mwenye shamba. Siku hizi hesabu zangu zinatenganisha udongo na majani, na naapa sitatangaza tena joto la shamba ambalo sijalikanyaga peku.

Siku ya mavuno, Mama Devota alinisogezea mbele ya watu wote bakuli la maharage ya mzee Bukuru, yametoka jikoni sasa hivi.

"Onja," akasema. "Utaweza kujua kama ni ya moto, au tusubiri picha?"