Samaki Sita wa Wayua

Nzisa alisomea ng'ombe. Cheti chake kinasema hivyo kwa maneno marefu zaidi, na kimetundikwa katika duka lake la dawa za mifugo pale Migwani, kando ya picha ya kuku asiyeugua kamwe. Kwa miaka kumi na tisa watu wamemletea mbuzi, punda, mzinga wa nyuki na, mara moja, mume. Huyo wa mwisho alimrudisha bila kumpima.

Jumanne hiyo alikuwa ametoka kuvuta ndama aliyekuja matako mbele, na hakutaka kuona kitu kingine chenye uhai. Ndipo Jonah Kisilu akaingia, kofia mkononi.

"Mwaitu," akasema, kama Wakamba wanavyomwita mama kwa heshima, "nina mgonjwa."

"Ng'ombe?"

"Samaki."

"Mzee, samaki mgonjwa hutiwa chumvi na ndimu."

"Huyu ana jina," akasema Kisilu, na hakucheka.

Kisilu ni karani wa mahakama aliyestaafu, mjane, na mzee wa kanisa. Binti yake Wayua alipokwenda kufanya kazi Doha alimwachia tangi la kioo lenye samaki sita wa dhahabu. Kila Jumapili hupiga simu ya video kuwaona. Tangu Machi wanne walikuwa wamekufa, na kila Jumapili tangu Machi mtandao wa Kisilu ulikuwa mbaya, au kamera ilikuwa na vumbi. Mzee wa kanisa hadanganyi. Hiyo aliiita kumpunguzia mtoto mawazo. Sasa wawili waliobaki walikuwa wanaugua, na vumbi haliwezi kuficha tangi tupu.

Nzisa alifunga duka akaenda naye. Kabla ya kuangalia alinusa. Kisha, kwa uchovu wa ndama, akavuta kiti mbele ya tangi.

Samaki mdogo, Debora, alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo wazi, akihema kama mtu aliyekimbizwa. Mapezi yake yalikuwa yamejikunja, na ndani yake kulikuwa na vijistari vyekundu. Mkubwa, Meneja, alikuwa amelala pembeni. Tumbo lilikuwa limefura, na magamba yamesimama kama manyoya ya kuku mwenye baridi.

"Haya maji ulibadilisha lini?"

"Sijayapunguza hata kidogo. Yakishuka naongeza."

"Tangu lini?"

"Tangu aende."

"Miezi kumi na nne!"

"Sikumwaga hata kikombe," akasema Kisilu, akingoja kusifiwa.

Mtu wa mbali angeshangaa. Mtu wa Migwani angeuliza kosa liko wapi. Hapa maji hununuliwa kwa mtungi na huja kwa punda. Yakishaosha mchele huosha vyombo, yakishaosha vyombo hupiga deki, na bado yana kazi shambani. Anayemwaga maji meupe akiwa na akili timamu huitiwa kikao cha ukoo. Kwa kipimo hicho Kisilu alikuwa mtunzaji wa mfano. Aliwaua kwa uangalifu.

"Samaki anakojoa humo humo," Nzisa alieleza. "Chakula kinachobaki kinaoza humo humo. Hiyo sumu haina rangi. Maji yakikauka, yenyewe inabaki. Wewe ni kama mtu anakaa kwa choo miaka miwili, kazi yake ni kunyunyiza marashi."

"Kwa hiyo ni mimi."

"Ni maji."

"Maji ni yangu, mwaitu."

Nzisa hakuwa na nguvu za kubishana na ukweli. Akatoa maagizo: robo ya maji itoke leo, robo kesho, na hivyo hivyo kila siku, yote kwa mpigo yatamshtua Debora afe. Ya kuongeza yatoke kwenye pipa la mvua. Ya mfereji, yale ya punda, yana dawa ya kuua vijidudu, hayo yalale kwanza siku nzima kwenye ndoo wazi. Chakula, hakuna mpaka Ijumaa. Sponji ya pampu inayochuja ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe, bila sabuni.

"Na Meneja?"

"Magamba yakisimama hivi, ndani kumeharibika. Nikikuuzia dawa nitakuwa nimekuibia. Kilichobaki ni kumlaza asiumie."

Walitumia mafuta ya karafuu, yale ambayo Kisilu huweka kwenye jino. Nzisa aliyatikisa na maji kwenye chupa, akayamimina polepole katika bakuli alimowekwa mgonjwa. Meneja alilala, na hakuamka. Kisilu aliuliza kama inafaa kuomba. "Omba," akasema Nzisa, "lakini fupi."

Kisha mzee akabeba ndoo ya kwanza hadi mlangoni, akakwama hapo. Mkono ulikataa kuinama.

"Mwagia sukuma wiki pale bustanini. Hiyo ni mbolea."

Alimwaga kidogo kidogo, akiangalia kama kuna jirani anayemwona.

Jumapili Nzisa alisema alikuwa anapita tu, ingawa njia ya kwa Kisilu haiendi popote. Debora alikuwa ameshuka chini, mapezi wazi, akichokora mchanga. Simu ikalia. Kisilu akaifuta kamera kwa shati.

"Wayua, kaa chini. Wamekufa watano. Ni mimi, na yale maji."

Huko Doha Wayua akasogeza uso karibu na simu.

"Na Debora?"

"Huyu hapa. Anakula tangu Ijumaa."

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ungelia, na uko mbali."

"Kwani sasa nafanya nini?"

"Unalia."

"Basi. Weka simu hapo nimwone. Usikate."

Kisilu akaiegemeza kwenye chupa ya chai, ikitazama tangi, naye akaketi kando yake. Bando liliisha dakika ya kumi na moja. Nzisa hakujua, alikuwa amelala kitini, viatu miguuni, mdomo wazi.