Siku Nane za Mizigo ya Watu

Juzi kwenye basi la Tottenham, hapa London, dada mmoja kiti cha mbele alikuwa akizungumza na mama yake, simu kaiweka spika, sote tunasikia.

"Likizo yangu siku kumi, mama. Tanga mbili, Dar nane."

"Dar una nani?"

"Sina mtu. Nina mizigo ya watu." Akahesabu kwa vidole: viatu vya Mbagala, dawa za Tegeta, simu ya Kimara. "Na foleni ile, mzigo mmoja siku nzima."

"Haya mwanangu, nakusubiri."

Nilikereka. Watu gani hawa, wanamlia mtu likizo bila haya? Nikamgusa bega nimwambie ajifunze kukataa. Alipogeuka, nikamkumbuka shangazi yangu wa Kigamboni, asiyeona vizuri.

"Ni miwani tu, dada," nikamwambia. "Wala haina uzito."