Macho ya Kukodi

Mdogo wangu alipohitimu pale Chuo Kikuu cha Busitema, tulikwenda mjini Tororo kupiga picha. Studio ilikodisha joho, wigi na lenzi za macho za kijivu. Lenzi zenyewe zilikuwa zikielea kwenye glasi ya maji.

Nikamuuliza mpiga picha, "Hizi zimetoka kwenye jicho la nani?"

"Mama, nimezisuuza na maji ya kuchemsha. Hata chai unaweza kuyapikia."

"Chai inakwenda tumboni, kaka. Lenzi zina dawa yake ya kusafishia, si maji. Na jicho hupimwa kwanza na daktari, halikodiwi kama wigi."

Akapunguza bei. Nikakataa. Akapunguza tena, na kwa mara ya kwanza niliona bei ikishuka nisifurahi.

Mdogo wangu akasonya. "Wewe umezoea kubishania hata cha bure. Leo siku yangu." Akazivaa.

Siku chache baadaye jicho la kulia likawa jekundu, kisha likaota kidonda cheupe. Daktari aliokoa jicho, kuona hakukuokoka.

Picha ilitoka nzuri. Mama ameitundika sebuleni, na wageni huyasifu yale macho. Mdogo wangu hugeuza kichwa kwanza, apate kuwaona, ndipo aseme asante.