Mwezi Nilioilea Mikono Yangu

Niliamini, tena kwa moyo wote na kwa elimu yangu ya kidato cha nne ya masomo ya jioni, kwamba Serikali hupima ukosefu wa ajira kwenye kiganja cha mkono.

Ilikuwa hivi. Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Msamala likisema mafundi tuliojifunza kazi mtaani tutapimwa ujuzi, tutanolewa palipo na upungufu, kisha tutapewa cheti bila kulipa chochote. Nafasi, likasisitiza, ni za wasio na ajira. Mimi ni mwashi. Nusu ya Songea nimeijenga, na ile nusu nyingine nimeikarabati. Lakini kazi nono za madarasa na zahanati zilimtaka fundi mwenye cheti, nami cheti changu kilikuwa kuta zenyewe. Wenzangu wakipanda lori kwenda saiti, mimi nabaki naziba nyufa za vyoo. Cheti kile nilikitaka kuliko pilau ya harusi.

Nikaenda Majengo kumpasha habari mtani wangu, Mhehe mwenye duka la vitu mchanganyiko. Alinisikiliza amekunja uso kama yuko msibani.

"Kwani hujasikia, mtani? Pale mtakapopimwa, mlangoni kuna mama anampa kila mtu mkono. Unadhani ni salamu? Anapapasa! Kiganja kigumu, maana yake unayo kazi, rudi kwenu. Kiganja laini, huyo ndiye asiye na ajira kweli, apite."

"We!"

"Sasa wewe na hayo magamba ya kobe utamdanganya nani?"

Mtoto yeyote wa Kingoni anajua kwamba neno la mtani halimezwi kabla ya kwenda kuuliza kwingine. Siku hiyo nilisahau nimezaliwa wapi. Nilitazama viganja vyangu. Simenti ilikuwa imevitafuna hata ungeweza kuwashia kiberiti. Mtani akaniuzia palepale kopo la mafuta ya mgando, kubwa kama ndoo, na pole juu yake.

Tangu hapo, mwezi mzima, sikugusa kazi. Nililala na soksi mikononi, zimelowa mafuta. Shida ni kwamba palizi ilikuwa imefika.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "mama anatungoja Maposeni. Magugu yameyazidi mahindi."

"Jembe siligusi, mke wangu. Niko kwenye maandalizi ya kitaifa."

"Ya kuwa bibi harusi?"

"Sera ya ajira ina mambo yake, huwezi kuelewa."

"Basi sera ikupikie."

Nilikwenda, maana mkwe ni mkwe. Nikatoa shikamoo, nikasimama ukingoni mwa shamba nikiwaimbia wanaopalilia. Niliimba vizuri mno, nadhani mahindi yalirefuka. Mama mkwe akamvuta bintiye pembeni, akamwuliza kwa Kingoni kama mumewe ameungua mikono. Mke wangu akajibu kwamba kilichoungua ni akili.

Siku ya kupimwa ikafika. Viganja vilikuwa laini hivi kwamba nzi angetua pale angeteleza avunjike mguu. Na kweli, mlangoni alikuwepo mama mtu mzima, anampa kila mtu mkono! Nikajipanga foleni.

"Karibu, baba."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikauacha mkono wangu ndani ya mkono wake mpaka aliyekuwa nyuma yangu akakohoa. Mama akanitazama, akasema nipite. Nikajiona nina cheti mfukoni.

Ndani hakukuwa na kiti wala swali. Kulikuwa na rundo la tofali, mota ya simenti na mchanga, na kila mmoja ainue kona yake ya ukuta. Nikashika mwiko. Ukuta haujafika magotini, malengelenge yakaota. Haujafika kiunoni, yakapasuka. Mota inauma kidondani kuliko pilipili. Wenzangu, mikono kama magome ya miti, wanapiga mluzi. Nikaona cheti kinaniaga. Nikaketi chini, nikavua viatu, nikavua soksi, nikazivaa mikononi.

"Mwenzetu anajenga au anadaka penalti?" mmoja akauliza.

"Mwacheni, tofali zake zinaona baridi!"

Nilicheka nao huku machozi yananitoka, nikaendelea. Tofali haliulizi umevaa nini. Mama yule akaja, kumbe ndiye mpimaji. Akashusha timazi yake, uzi ukalala sawa na ukuta. Akazunguka upande wa pili, ukalala tena.

"Umefaulu," akasema. "Kwenye kupiga plasta ndiko tutakunoa kidogo."

Niliruka juu, nikaona upande wa pili wa milima ya Matogoro.

"Ila baba, hiyo mikono imekuwaje? Fundi gani ana viganja vya mtoto mchanga? Ulipoingia nilidhani umekosea jengo."

Nikamweleza yote: mtani, mafuta, soksi, shamba la mama mkwe, na namna alivyonipapasa mlangoni nikapita. Mafundi wenzangu walilala juu ya mchanga kwa kicheko, mmoja akaangusha ukuta wake. Mama hakucheka. Alijifuta mota kidoleni taratibu.

"Baba," akasema, "pale mlangoni nilikuwa nasalimia watu."